Utalii wa filamu katika Afrika Mashariki

Utalii wa filamu ni safari ya kwenda kuona mahali halisi panapoonekana, panaposimuliwa au palipochorwa katika filamu, tamthilia ya televisheni au katuni. Mtalii wa aina hii hafuati mlima au mnyama peke yake. Anafuata picha aliyokwisha kuiona kwenye skrini, na mara nyingi hutaka kusimama palepale aliposimama mhusika na kupiga picha ya namna ileile.

Desturi hii ina nguvu zaidi nchini Japani, ambako mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, hutembelea mitaa, vituo vya treni na mahekalu yaliyochorwa katika katuni wanazozipenda. Katika Afrika Mashariki utalii wa filamu upo pia, ingawa mara nyingi huchanganywa na safari za mbugani au ziara za mjini. Maeneo yanayohusika ni pamoja na korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Momella mkoani Arusha, Kibera jijini Nairobi, Katwe jijini Kampala, Mji Mkongwe wa Zanzibar na bonde la Mto Kagera katika kaskazini-magharibi ya Tanzania.

Jambo linalojirudia katika historia ya maeneo haya ni kwamba kamera mara nyingi huchukua mandhari na kuacha jina. Mto, kijiji au mtaa huonekana na mamilioni ya watu bila watu hao kujua panaitwaje, na wenyeji hubaki bila sifa wala mapato. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya utalii wa filamu ni kurudisha jina la mahali.

Aina za maeneo

Maeneo ya utalii wa filamu yanaweza kugawanywa katika aina tatu. Eneo moja laweza kuwa la aina zaidi ya moja.

- Eneo la upigaji picha ni mahali ambapo kamera na waigizaji walikuwepo kweli. Hadithi yenyewe inaweza kuwa ya nchi nyingine kabisa.
- Eneo la hadithi ni mahali ambapo mambo yanayosimuliwa yalitokea, au yanasemekana kutokea, hata kama picha zilipigwa mbali na hapo.
- Eneo la michoro ni mahali ambapo wachoraji wa katuni walipachunguza au kupapiga picha, kisha wakapatumia kama kielelezo. Hapa hakuna aliyeigiza. Kinachofanana ni umbo la mwamba, ngazi, daraja au mtaa.

Tofauti hii ni muhimu kwa msafiri na kwa kiongozi wa watalii. Mgeni aliyeambiwa kwamba filamu "ilipigwa hapa", kumbe hapo ni eneo la hadithi tu, hujiona amedanganywa.

Chanzo cha desturi nchini Japani

Wajapani huita safari hizi "seichi junrei", maneno yanayomaanisha hija ya mahali patakatifu. Awali yalihusu ziara za kidini kwenye mahekalu. Mashabiki wa anime waliyachukua kwa utani, na baadaye yakazoeleka katika magazeti na hata katika mipango ya serikali za mitaa.

Mfano unaotajwa sana ni hekalu la Washinomiya katika mkoa wa Saitama, lililoonyeshwa katika anime "Lucky Star" ya mwaka 2007. Waumini na mashabiki waliofika hapo kwa sala za mwaka mpya waliongezeka hadi takriban 300,000 mwaka 2008, na wafanyabiashara wa mji wakaanza kushirikiana na mashabiki kuandaa sherehe. Mwaka 2016 filamu "Kimi no Na wa" ya mwongozaji Makoto Shinkai iliwapeleka watu wengi kwenye ngazi za hekalu la Suga jijini Tokyo na katika mji wa Hida. Mwaka huohuo "seichi junrei" liliingia katika orodha ya maneno kumi yaliyovuma Japani, na chama cha kuendeleza utalii wa anime kikaanzishwa.

Kabukichō

Kabukichō ni mtaa wa burudani za usiku katika eneo la Shinjuku, Tokyo. Una baa, kumbi za muziki, sinema, migahawa na vilabu vinavyofanya kazi hadi alfajiri. Sehemu hii iliharibiwa na mabomu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika mipango ya kuijenga upya palikusudiwa kuwekwa jumba la maigizo ya kabuki, na jina la Kabukichō likaanza kutumika rasmi mwaka 1948. Jumba hilo halikujengwa, lakini jina likabaki.

Mtaa huu umechorwa katika kazi nyingi. "Gintama", manga ya Hideaki Sorachi iliyoanza mwaka 2003 na kuwa anime mwaka 2006, imewekwa katika Kabukichō ya kubuni. "City Hunter" ya Tsukasa Hojo ilifanya ubao wa ujumbe katika kituo cha treni cha Shinjuku ujulikane kwa mashabiki. Katika filamu "Tenki no Ko" ya mwaka 2019, ambayo pia ni ya Shinkai, kijana aliyetoroka kisiwani kwao anatangatanga mvuani katika vichochoro vya Kabukichō bila pesa wala pa kulala. Mashabiki waliofuata filamu hiyo walikwenda pia kuliona jengo kuukuu la Yoyogi Kaikan, lakini jengo hilo lilianza kubomolewa mwaka huohuo ambao filamu ilitoka. Tangu mwaka 2015 kichwa kikubwa cha sanamu ya Godzilla kimewekwa juu ya jengo la sinema la Toho, na wageni hukitumia kama alama ya kukutania.

Kutembelea mtaa wa namna hii ni tofauti na kutembelea hekalu. Watu wanaoonekana mitaani wako kazini, wengine wako kwenye starehe ambayo hawataki ijulikane, na wengine ni vijana walio katika shida kama yule wa kwenye katuni. Katika vichochoro vya Golden Gai, vyenye baa ndogo zaidi ya 200, kuna mabango yanayokataza kupiga picha bila ruhusa. Mamlaka za Shinjuku hutangaza kwa vipaza sauti kuwaonya wageni wasifuatane na wapiga debe wa baa, kwa kuwa baadhi ya baa hizo huwatoza wateja bei wasizoambiwa mapema.

Katuni na mandhari ya Afrika Mashariki

Uhusiano wa katuni na Afrika Mashariki ni wa zamani. Osamu Tezuka wa Japani alichora manga kuhusu simba mweupe kuanzia mwaka 1950. Hadithi hiyo ilifanywa kuwa anime ya televisheni mwaka 1965 na kujulikana nje ya Japani kwa jina la "Kimba the White Lion". Hadithi imewekwa Afrika, lakini ni Afrika ya kufikirika.

Filamu "The Lion King" ya kampuni ya Disney, iliyotoka mwaka 1994, ina msingi ulio wazi zaidi. Baadhi ya waandaaji wake walisafiri Kenya kabla ya uchoraji, na Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate ni mojawapo ya sehemu walizozitembelea. Hifadhi hiyo iko kusini mwa Ziwa Naivasha, ilianzishwa mwaka 1984, na ina miamba mirefu na korongo jembamba la Ol Njorowa. Waongoza watalii huwaonyesha wageni miamba inayofanana na ile ya filamu. Hata hivyo filamu ilichanganya mandhari ya sehemu mbalimbali. Kwa hiyo Hell's Gate ni eneo la michoro. Lugha ya Kiswahili nayo ilichukuliwa: Simba, Rafiki, Pumbaa na usemi "hakuna matata" vimeenea duniani kote kupitia filamu hiyo, ingawa watazamaji wengi hawajui vimetoka katika lugha gani.

Korongo la Ol Njorowa lina hatari ya mafuriko ya ghafla. Mvua ikinyesha mbali na korongo, maji yanaweza kufika kabla wageni hawajaona wingu. Mwezi Septemba 2019 watu kadhaa walikufa humo kwa njia hiyo.

Mfano mwingine ni mfululizo wa katuni "Tinga Tinga Tales" ulioanza kuonyeshwa mwaka 2010. Ulitengenezwa jijini Nairobi kwa kufuata mtindo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), msanii wa Tanzania aliyefanya kazi Oysterbay, Dar es Salaam. Wageni wanaotaka kuona asili ya picha hizo hufika katika ushirika wa wachoraji wa Tingatinga ulioko Oysterbay, ambako wachoraji hufanya kazi mbele ya wanunuzi.

Filamu za waigizaji

Filamu za nje

Wakati wa ukoloni na baada yake, kampuni za Marekani na Uingereza zilikuja Afrika Mashariki kutafuta mandhari na wanyama.

"The African Queen" (1951) ya mwongozaji John Huston inasimulia kisa cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Picha zilipigwa Uganda, katika sehemu za Butiaba na Murchison, na pia Kongo. Meli ya kivita ya Wajerumani katika hadithi hiyo huhusishwa na meli halisi, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wasafiri wengi wamekwenda Kigoma kwa ajili ya kuiona au kuipanda katika Ziwa Tanganyika, ingawa meli yenyewe haikuigiza katika filamu.

"Hatari!" (1962) ya Howard Hawks ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika, na jina lake ni neno la Kiswahili. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger alivutiwa na Momella, karibu na Mlima Meru, akanunua shamba na kujenga nyumba ya wageni hapo. Hadi leo hoteli iliyopo kando ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha inaitwa Hatari Lodge.

"Out of Africa" (1985) ya Sydney Pollack ilipata tuzo 7 za Oscar. Nyumba ya mwandishi Mdenmark Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, na baadhi ya vitu vilivyotumika katika filamu vinaonyeshwa humo pamoja na vile vya mwandishi mwenyewe. Ni mfano mzuri wa eneo ambalo filamu na historia hukaa chumba kimoja, na mwongozaji wa makumbusho hulazimika kueleza kipi ni kipi.

Zanzibar ina mfano wa eneo la hadithi pekee. Mwanamuziki Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Baada ya filamu "Bohemian Rhapsody" (2018) kusimulia maisha yake, makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani mwaka 2019.

Mwaka 2022 Tanzania ilitumia njia hii kwa makusudi. Katika filamu "The Royal Tour", Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alimwongoza mwandishi wa habari Peter Greenberg kwenye vivutio vya nchi. Filamu ilizinduliwa New York mwezi Aprili 2022 na baadaye kuonyeshwa nchini. Tofauti yake na filamu za zamani ni kwamba kila mahali palitajwa kwa jina.

Mitaa ya miji

Filamu za miaka ya karibuni zimehamisha kamera kutoka mbugani kwenda mjini.

Nairobi ina River Road, mtaa wa stendi za mabasi, nyumba za kulala wageni, maduka, migahawa na baa zinazokesha. Mwandishi Meja Mwangi aliuweka katika riwaya yake "Going Down River Road" ya mwaka 1976. Hapo pia ndipo filamu za bei nafuu za Kenya zilipouzwa kwa wingi, na tasnia hiyo ikapewa jina la Riverwood. Filamu "Nairobi Half Life" (2012) ya David "Tosh" Gitonga inamfuata kijana anayetoka kijijini kwa ndoto ya kuwa mwigizaji, anaporwa alipofika mjini, kisha anaingia katika genge. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Kwa mtazamaji anayetaka kuona katikati ya Nairobi kama ilivyo katika filamu hiyo, River Road na mitaa jirani ndiyo iliyo karibu zaidi na Kabukichō kwa tabia: mchana ni biashara, usiku ni burudani, na saa zote ni watu wanaotafuta riziki.

Kibera ilionekana katika "The Constant Gardener" (2005) ya Fernando Meirelles, iliyopigwa pia Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Watayarishaji walianzisha mfuko wa hisani wa kusaidia elimu katika sehemu walizopigia picha. Ziara za kulipia katika Kibera zimelaumiwa na baadhi ya wenyeji kwa kuwa zinageuza umaskini kuwa maonyesho. Wengine huziunga mkono ikiwa kiongozi ni mkazi na pesa zinabaki mtaani.

"Queen of Katwe" (2016) ya Mira Nair inahusu mchezaji wa sataranji Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Sehemu ya picha ilipigwa Katwe penyewe na sehemu nyingine Johannesburg.

Mkoa wa Kagera: Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo ziko kusini mwa Mkoa wa Kagera. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na wenyeji wake wengi ni Wahangaza na Washubi. Hazina mtaa wa usiku wa ukubwa wa River Road. Maisha ya usiku yako katika vituo vya malori kwenye barabara kuu ya kwenda Rwanda na Burundi, kama vile Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, na Benaco wilayani Ngara. Madereva hulala huko, na kando ya barabara kuna migahawa, nyumba za wageni, baa na vibanda umiza vinavyoonyesha mpira na filamu. Katika vibanda vya aina hii kote Tanzania, filamu za nje zimekuwa zikionyeshwa pamoja na sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili na kuongeza utani wake. Mtafsiri maarufu wa mwanzo alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam.

Filamu katika Mto Kagera

Mwishoni mwa mwaka 1952 kampuni ya MGM ilileta kikosi kikubwa Afrika Mashariki kutengeneza "Mogambo", filamu ya John Ford iliyotoka mwaka 1953. Waigizaji wakuu walikuwa Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Mojawapo ya maeneo ya kupigia picha lilikuwa Mto Kagera katika Tanganyika. Maeneo mengine yalikuwa Kenya, Uganda na Afrika ya Ikweta ya Kifaransa.

Jina la filamu linasikika kama Kiswahili, lakini si neno la Kiswahili. Neno lililo karibu nalo ni "mgambo". Inaelezwa kwamba mtayarishaji Sam Zimbalist alilipata kwa kubadilisha herufi katika jina la Mocambo, klabu ya usiku ya Hollywood. Hivyo mto wa Kagera uliingia katika sinema za dunia chini ya jina la klabu ya usiku ya Marekani.

Mto Kagera una urefu wa takriban km 400 na unapita katika mipaka ya Rwanda, Tanzania na Uganda kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Wilaya ya Ngara iko sehemu yake ya juu. Kwa sababu hiyo jina la mto peke yake halitoshi kudai kwamba kijiji fulani ndicho kilichoonekana katika filamu. Kiongozi wa watalii anayezungumzia "Mogambo" huko Ngara anaweza kusema kwa haki kwamba mto ni huohuo, bila kuongeza zaidi.

Rusumo

Maporomoko ya Rusumo yako kwenye Mto Kagera, mpakani mwa Ngara na Rwanda, karibu na mahali Mto Ruvubu unapoungana nao. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivukia sehemu hiyo kuingia Rwanda. Baadaye alikuwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyepewa heshima ya jina la meli ambayo leo ni Liemba. Katika vita ileile inayosimuliwa na "The African Queen", majeshi ya Wabelgiji yalipita eneo hili na kuiteka Biharamulo mwezi Juni 1916. Boma la Wajerumani mjini Biharamulo bado lipo, na limewahi kutumika kama nyumba ya wageni.

Daraja la sasa la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani vilijengwa kwa msaada wa Japani. Vilizinduliwa tarehe 6 Aprili 2016 na Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Mradi wa umeme wa maporomoko hayo una uwezo wa megawati 80, ambazo hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Picha za mwaka 1994

Picha zilizolifanya eneo hili lijulikane zaidi duniani hazikuwa za kuigiza. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, maiti nyingi zilitupwa mtoni. Waandishi wa habari walizipiga picha zikipita chini ya daraja la Rusumo. Mto ulizibeba hadi Ziwa Viktoria, na nchini Uganda zaidi ya watu 10,000 walizikwa katika makaburi ya kumbukumbu kando ya ziwa hilo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mpiga picha Mbrazili Sebastião Salgado alifanya kazi katika kambi hiyo, na safari zake za Rwanda na maeneo jirani zimesimuliwa katika filamu ya maisha yake "The Salt of the Earth" (2014) ya Wim Wenders na Juliano Ribeiro Salgado. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao kwa wingi kupitia daraja lilelile. Wakimbizi wa Burundi waliendelea kuishi Ngara, hasa Lukole, hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008.

Mwaka 1994 ulikuwa pia mwaka wa "The Lion King". Katika miezi hiyohiyo, watazamaji wa nchi za mbali walipokea picha mbili za Afrika Mashariki: moja iliyochorwa, isiyo na mtu hata mmoja ndani yake, na nyingine halisi yenye watu robo milioni darajani. Ile ya kwanza imeleta watalii. Ile ya pili ilileta mashirika ya misaada, na yalipoondoka, Benaco ilibaki kuwa mji mdogo wa biashara katika kata ya Kasulo.

Filamu za maigizo kuhusu mauaji hayo zimevuta wageni Kigali zaidi kuliko Ngara. "Hotel Rwanda" (2004) ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, lakini wageni huenda kuiona Hôtel des Mille Collines, ambayo ni eneo la hadithi. "Shooting Dogs" (2005) ilipigwa katika shule ileile ya Kigali ambako mambo yanayosimuliwa yalitokea, kwa hiyo ni eneo la hadithi na la upigaji picha kwa pamoja.

Hali ya utalii wilayani

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato yenye ukubwa wa km² 4,707. Hifadhi hiyo imeipa kanda hii sababu mpya ya kutembelewa. Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Kahama kwa barabara hupita Nyakanazi na Lusahunga. Lusahunga ndipo njia ya Ngara na Rusumo inapoachana na ile ya Biharamulo na Bukoba. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuona boma la Biharamulo, hifadhi, Benaco na maporomoko ya Rusumo katika safari moja.

Faida na hasara

Utalii wa filamu hauhitaji kujenga kivutio kipya, kwa kuwa filamu yenyewe ndiyo tangazo. Mapato yake huenda kwa wauza chakula, wenye nyumba za wageni, madereva na waongoza watalii wa mtaa. Huweza pia kuokoa majengo ya zamani yasibomolewe.

Hasara zake zinajulikana vilevile. Kivuko cha reli cha Kamakura Kōkō-mae nchini Japani, kilichoonyeshwa katika anime "Slam Dunk", kimejaa wageni kiasi cha kusumbua magari na wakazi. Umaarufu unaweza kupita haraka, na jengo linalotafutwa linaweza kuwa halipo tena, kama ilivyokuwa kwa Yoyogi Kaikan. Hasara kubwa zaidi ni ile ya maana: mgeni anayetafuta picha ya filamu anaweza kukosa kuona mahali penyewe na watu wake.

Mwenendo wa wageni

Kanuni zifuatazo hufuatwa katika maeneo mengi ya aina hii.

- Kuuliza jina la mahali na kulitumia, badala ya kupaita kwa jina la filamu tu.
- Kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Katika mitaa ya usiku, wahudumu wa baa, wateja na watu wanaolala nje si sehemu ya maonyesho.
- Kutoingia katika nyumba, shule au sehemu za ibada bila ruhusa kwa sababu tu zilionekana kwenye skrini.
- Kuuliza bei kabla ya kuagiza au kukubali huduma, na usiku kutembea na mtu anayeufahamu mtaa.
- Kuwaomba maofisa ruhusa kabla ya kupiga picha mipakani, kwenye madaraja na kwenye mitambo ya umeme, kama ilivyo Rusumo.
- Mahali pa msiba, kama daraja la Rusumo na makaburi ya kumbukumbu, kutoigiza na kutopiga picha za mzaha. Baadhi ya wanaopita hapo ni ndugu wa waliokufa.
- Anayetaka kutengeneza filamu Tanzania anatakiwa kupata kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kuanza.

Tazama pia

- Anime
- Wilaya ya Ngara
- Wilaya ya Biharamulo
- Mto Kagera
- Maporomoko ya Rusumo
- Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato
- MV Liemba
- Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate
- Mauaji ya kimbari ya Rwanda
- Shinjuku